Miche Ishirini na Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mizuho alikuwa na kazi tatu. Alimpelekea bibi yake chai chumbani, alimsogezea fimbo karibu na kitanda, kisha alikwenda uani kukunja nailoni ya banda la miche. Kazi hiyo ya tatu hakuisahau hata siku moja. Mwezi wa Aprili kijiji cha Minasawa huwa bado na baridi ya kung'ata, na theluji huwa imelala kwenye kivuli cha mierezi. Lakini jua likishaupita mlima, banda la nailoni hugeuka tanuri. Mizuho alilijua hilo kuliko mtoto yeyote wa darasa la sita.

Banda lilikuwa la Bibi Kinue, na miche iliyokuwa ndani ilikuwa ya urui. Mmea huo kwingineko huitwa hosta, na watu huupanda mbele ya nyumba kwa sababu ya majani yake mapana yanayopendeza macho. Hapa Minasawa mmea huo huliwa. Theluji ikiyeyuka, machipukizi yake hutokeza yakiwa yamejikunja, meupe chini na ya kijani juu. Yakichemshwa kidogo huwa laini, yenye utelezi mtamu, na wazee husema kwamba bila sahani ya kwanza ya urui majira ya baridi hayajaisha.

Watu wengi waliokuwa na urui bustanini waligawanya mashina tu na kuyapanda upya. Bibi Kinue hakufanya hivyo. Alipanda kwa mbegu, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Kila Oktoba alikusanya maganda ya mbegu yaliyokauka kutoka kwenye mashina manane ya zamani nyuma ya nyumba, akazichambua mbegu nyeusi zenye ubawa mwembamba, na zile nyeupe zisizo na kitu ndani akazipeperusha. Mbegu zikishaota kwenye trei, zilihitaji miaka minne mpaka zikatwe na kuliwa. Majirani walimcheka kwa uvumilivu huo, lakini kila mmoja alipenda kula kutoka kwenye tuta la Kinue. Ukinunua fungu sokoni uliligeuza na kulikagua. Ukipewa fungu na Kinue ulikwenda moja kwa moja jikoni.

Kila trei ilikuwa na kibao kidogo cha mti. Bibi aliandika humo kwa penseli mbegu zilizopandwa, miche iliyoota na miche iliyokufa. Hakuona haya kuandika iliyokufa. Mwaka mmoja aliandika kwamba nusu ya trei iliharibiwa na konokono kwa sababu yeye mwenyewe alilala mchana.

Asubuhi hiyo, Mizuho alipokuwa akikunja nailoni, alimsikia Mama Tokie akiimba kule kwenye tuta jipya. Mama Tokie alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa amevaa taa kichwani kwa sababu ya ukungu, na kikapu chake kilikuwa karibu kujaa.

"Mizuho! Njoo uone bahati ya bibi yako," aliita. "Mavuno ya kwanza ya tuta hili. Angalia yalivyonona."

"Yote unapeleka ukumbini, Mama Tokie?"

"Yote. Leo ni chakula cha mchana cha wazee. Wazee thelathini na wawili, na meno hayafiki mia moja ukiyajumlisha. Hawa ni watu wa urui tu." Alicheka peke yake, akakata shina jingine kwa mundu. "Bibi yako amewekewa kiti cha mbele. Mwambie avae vizuri, asije na lile koti la shamba."

Mizuho alitabasamu, lakini kitu kidogo kilimchoma kifuani. Kilikuwa kikimchoma kila alipolitazama tuta lile. Alikuwa amekizoea, kama mtu anavyozoea jiwe dogo kwenye kiatu. Alichukua mkoba wake akaenda shule.

Kitu hicho kilianza Mei ya mwaka uliopita. Wakati huo Mizuho alikuwa darasa la tano, na Bibi alikuwa na trei tano za miche ya miaka mitatu, thelathini kila trei, iliyosubiri kuhamishiwa kwenye tuta jipya. Trei nne zilikuwa chini, kivulini. Ya tano ilikuwa juu ya rafu, karibu kabisa na nailoni.

Siku hiyo Bibi alikwenda mjini kupimwa macho, maana yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Wazazi wa Mizuho walikuwa shambani kwa mjomba. "Jua likifika juu ya ule mwerezi mrefu, kunja nailoni pande zote mbili," Bibi alimwambia. "Usipofanya hivyo miche itaiva."

"Nimesikia, Bibi."

Alikuwa amesikia kweli. Lakini rafiki yake Rinka alipita na baiskeli ya gurudumu moja, ile ambayo watoto wa shule yao huendesha siku ya michezo, akamwambia, "Twende tujifunze kugeuka. Dakika kumi tu." Dakika kumi za Rinka zilikwisha saa nane mchana. Mizuho alirudi nyumbani mbio, goti likiwa limechubuka, akaingia bandani. Joto lilimpiga usoni. Miche ya chini ilikuwa imenyong'onyea lakini hai. Ile ya rafuni ilikuwa imelala juu ya udongo, imekuwa kama mboga iliyochemshwa. Alihesabu mara mbili. Ishirini na mmoja ilikuwa imekufa.

Alilia kidogo. Kisha alifuta machozi na kuanza kufikiri, na hapo ndipo alipokosea kweli. Aliingia nyumbani, akatazama saa ukutani, akaona kwamba Bibi atarudi na basi la saa kumi na moja. Alichukua kikapu na kijiko cha kuchimbia, akateremka bondeni kwenye chemchemi, mahali ambapo kila mtu alijua kwamba urui ya mwituni huota. Majani machanga yalikuwa yamejaa pale. Alichagua yaliyolingana kimo na miche ya Bibi, akachimba mimea ishirini na mmoja, akaiosha matope, akaipanda kwenye vikopo. Alikumbuka kwamba Bibi alikuwa amekataza mmea wowote wa mlimani kuingia kwenye matuta yake. Lakini Bibi hakuwahi kusema kwa nini, na Mizuho alijiambia kwamba urui ni urui.

Jioni Bibi alipitisha vidole vyake juu ya trei, akauliza kama alivyouliza siku zote, "Imekufa mingapi?"

"Hakuna hata mmoja, Bibi."

Bibi aliandika kwenye kibao: hakuna. Kesho yake walihamisha miche yote mia na hamsini kwenye tuta. Bibi alipoishika ile ya rafuni alisema, "Hii imenona kuliko nilivyodhani," na Mizuho akatazama chini. Mwezi uliofuata Bibi aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alikaa hospitali mpaka majani yalipopukutika, na upasuaji wa macho ukaahirishwa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye macho ya Bibi wa kulitazama tuta lile, isipokuwa Mizuho, naye hakupenda kulitazama.

Saa tatu asubuhi, kabla ya somo la kwanza, Mwalimu Hatano aliingia darasani na bango mkononi na mifuko miwili ya plastiki. Alikuwa mwalimu kijana asiyependa kupandisha sauti. Alibandika bango ubaoni.

"Nyumbani kwenu wiki hii wote mnakula mboga za mlimani," alisema. "Kila mwaka, mahali fulani katika nchi yetu, watu huugua kwa kukosea jani. Wengine hufa. Sikilizeni vizuri, halafu mwende mkawaambie wakubwa. Hili hapa ni jani la urui. Na hili ni baikeiso. Nani anaona tofauti?"

Watoto walisogeza vichwa mbele. Majani yalikuwa machanga yote mawili, ya kijani kibichi, ya ukubwa wa kiganja.

"Yanafanana kama pacha," alisema Rinka.

"Ndiyo maana wanaoumia si wageni. Wageni hawathubutu kuchuma. Wanaoumia ni watu wa hapahapa, wenye uhakika." Mwalimu aliligeuza jani la kwanza. "Urui ina uti wa mgongo mmoja mnene katikati, na mishipa midogo inatoka pembeni yake. Ina kikonyo kirefu. Hili la pili halina uti wa mgongo. Mistari yake yote inaanzia chini na kwenda mpaka kwenye ncha, na jani lina marinda kama sketi. Linaota penye unyevu, mara nyingi pamoja na urui. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Hushusha mapigo ya moyo mpaka mtu azimie."

Marinda kama sketi. Mizuho alikuwa ameyaosha majani hayo kwa mikono yake kwenye chemchemi, na alikumbuka kwamba aliyaona mazuri, yamekunjwa kwa mpangilio kama sketi iliyopigwa pasi. Si yote. Baadhi. Hakujua mangapi.

Mtu akisikia habari ya namna hii atasimama papo hapo na kusema. Ndivyo tunavyodhani tukiwa tumekaa salama. Mizuho hakusimama. Alikaa na mikono chini ya dawati, akaanza kujitafutia njia. Labda ile ya sumu ilikufa wakati wa baridi. Labda Mama Tokie ataiona, amekata urui miaka arobaini. Labda itatupwa wakati wa kuosha. Mwalimu alifungua kitabu cha hesabu, wengine wakaandika, naye akaandika tarakimu asizoziona. Chakula cha wazee kilikuwa saa sita. Alijiambia kwamba bado kuna muda.

Wakati wa mapumziko Rinka alimkuta kwenye bomba la maji. "Una nini? Umekuwa mweupe kama ile miche ya bibi yako inayozaliwa bila kijani."

"Hiyo hufa," alisema Mizuho.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza una nini."

Mizuho aliinamia bomba, akanywa maji. Akisema, atasema yote: joto, baiskeli, kikapu, kibao. Bibi yake atakuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa vizuri. Kengele ililia, wakarudi darasani.

Saa tano na dakika kumi Mwalimu Hatano alikuwa akiandika sehemu ubaoni. Aligawanya duara vipande thelathini na viwili. Mizuho alihesabu vipande hivyo na akaona kwamba kila kimoja kilikuwa na uso, na mmoja wa nyuso hizo ulikuwa wa Bibi. Alisimama hata kabla ya kujua kwamba amesimama.

"Mwalimu, kuna sumu kwenye chakula cha wazee," alisema. "Niliipanda mimi."

Mwalimu aliweka chaki chini, akamtoa nje, akasikiliza maneno machache tu. Alipiga simu ukumbini. Iliita na kuita, maana wote walikuwa jikoni au wanapanga viti. Alichukua ufunguo wa gari lake.

Ukumbi wa kijiji ulikuwa ng'ambo ya daraja. Walipofika, wazee walikuwa wameshakaa kwenye meza ndefu, na mbele ya kila mmoja palikuwa na kibakuli kitupu. Bibi Kinue alikuwa amekaa mbele, amevaa kimono yake ya kijivu, fimbo imelala magotini. Mama Tokie alikuwa akitoka jikoni na sufuria kubwa ya urui iliyochemshwa na kuchanganywa na ufuta na miso, rojo la soya lililochachushwa. Harufu yake ilikuwa nzuri. Mizuho hakuisahau kamwe.

"Msile," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Tafadhali msile urui. Kuna baikeiso ndani."

Mtu mmoja alicheka kwa wasiwasi. Mama Tokie aliiweka sufuria mezani kwa kishindo.

"Miaka arobaini nakata urui," alisema. "Arobaini, mtoto. Leo unaniambia silijui jani? Hii haikutoka porini. Imetoka kwenye tuta la Kinue. Tuta la mbegu."

"Najua, Mama Tokie."

"Basi unasema nini?"

Bibi Kinue aliinua mkono, na Mama Tokie akanyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Bibi alimtafuta mjukuu wake kwa macho yake yenye ukungu, akayaelekeza pale sauti ilikotokea.

"Mizuho. Mwaka jana nilikuuliza imekufa mingapi."

"Ndiyo, Bibi."

"Nakuuliza tena sasa. Mbele ya watu hawa."

Mizuho aliinama mpaka nywele zikamwangukia usoni. "Ishirini na mmoja, Bibi. Niliisahau juani. Nikachimba mingine bondeni, kwenye chemchemi, nikaiweka mahali pake. Nilikudanganya."

Bibi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha alisema, "Mwageni."

"Yote?" aliuliza Mama Tokie.

"Yote. Na sufuria ioshwe mara tatu."

Ndipo sauti ikasikika kutoka kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa Mzee Genkichi, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja, mwindaji wa zamani ambaye kila mwaka alijipa kazi ya kuonja chumvi bila kuombwa. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

"Mimi nimeshakula kidogo," alisema. "Saa nne na nusu hivi. Vipande viwili, vitatu, Tokie alipoitoa motoni. Nilisema ni chungu, Tokie akasema ulimi wangu ndio umezeeka." Alijaribu kucheka. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. "Naona ulimi bado mzima."

Alikaa chini polepole, na akaanza kutapika. Mwalimu Hatano alipiga simu ya gari la wagonjwa. Mama Tokie alimshika kichwa mzee yule, akamwita kwa jina, akamwambia asilale, na machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye aproni. Mizuho alisimama pale alipokuwa. Saa nne na nusu. Alikuwa amejua tangu saa tatu.

Mzee Genkichi alilazwa siku tatu. Usiku wa kwanza moyo wake ulipiga taratibu mno, na madaktari hawakumwacha peke yake. Siku ya tatu alikunywa uji, akaomba redio yake. Bibi Kinue alimchukua Mizuho wakaenda kumwona.

Mzee alikuwa ameegemea mito, amekonda kidogo. "Miaka mingapi nalalamikia chakula cha ukumbi," alisema alipowaona. "Mara hii tu nilikuwa na haki, na sikusikilizwa."

Mizuho aliinama, akaomba radhi kama alivyofanya mazoezi nyumbani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Hili Mizuho hakulifanyia mazoezi. Hakuna aliyemuuliza kabla. Watu walidhani alisimama mara tu alipoona bango, na mama yake hata alikuwa amemsifu kidogo. Angeweza kuliacha liwe hivyo.

"Saa tatu," alisema. "Niliogopa. Nilikaa saa mbili nzima bila kusema."

Mzee Genkichi alitazama dirishani. "Basi ungeniwahi."

"Ndiyo, Mzee. Ningekuwahi."

"Hilo ni zito," alisema mzee. Akaongeza, "Lakini umelisema bila kusukumwa. Nimelipokea." Kisha akawasha redio, kuonyesha kwamba wageni wanaweza kwenda.

Jumapili walilichimba tuta. Bibi alikaa kwenye kiti cha kukunja mwanzo wa mstari, na Mizuho na baba yake walichimba. Mama Tokie alikuja na jembe lake bila kuitwa. Baada ya mimea kumi hivi alisimama, akajifuta jasho.

"Kinue, yenye marinda ni michache. Naiona mimi. Tuing'oe hiyo tu, hii mingine ni mali. Miaka minne, dada yangu."

"Uliiona siku ile ulipoikata?" Bibi aliuliza.

Mama Tokie aliliegemea jembe lake.

"Sikulaumu. Hukuitazama kwa sababu ilikuwa yangu. Mimi mwenyewe ningeila." Bibi aligusa udongo kwa fimbo. "Sasa kila nikimpa mtu fungu kutoka hapa nitakuwa nasema labda. Siwezi kumpa mtu labda kwenye sahani. Ng'oeni yote."

Waling'oa yote. Miche mia na hamsini iliyokuwa imeota, kuhamishwa na kuvumilia theluji nne ilirundikwa ukingoni mwa shamba, na ndani yake walihesabu baikeiso kumi na tatu. Mizuho aling'oa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipofika mwisho wa mstari alikaa chini kwenye udongo mtupu, akalia kwa sauti, kama mtoto mdogo.

Bibi alimwacha alie. Alipomaliza, alimwita karibu.

"Nina makosa mawili ya kukuambia," alisema. "La kwanza ni langu. Nilikukataza mimea ya mlimani bila kukupa sababu. Nilidhani kila mtu anaijua. Mama mkwe wangu alikuwa na mume aliyependa kuchuma bondeni. Siku moja alileta fungu, wakala yeye na mwanawe mkubwa. Mwana hakupona. Tangu hapo mama mkwe hakula urui asiyoiona ikitoka kwenye mbegu. Ndiyo maana napanda hivi. Watu hudhani ni kwa ajili ya utamu."

Mizuho alimtazama. Hakuwahi kusikia habari za mtoto huyo.

"La pili ni lako. Usidhani ni kusahau nailoni. Mimi nimeua miche mingi kuliko wewe, imeandikwa. Mche ukifa, umekufa, tunapanda mwingine. Kosa lako ni kuujaza ule upenyo ili usionekane. Upenyo ungebaki wazi, ningekasirika jioni moja. Uliufunika, na mzee wa watu akalala hospitali. Ukikosea, mjukuu wangu, acha kosa lako lionekane, na useme mapema. Mapema ndipo linapokuwa dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi nenda kwenye friji. Nyuma ya chupa ya siki kuna bahasha."

Ndani ya bahasha mlikuwa na mbegu za Oktoba, zilizotoka kwenye mashina manane ya zamani. Mizuho alizimwaga kwenye karatasi nyeupe, akazichambua moja moja, nyeusi huku, tupu kule. Alizipanda kwenye trei, akazifunika kwa udongo mwembamba, akanyunyizia maji. Baada ya siku kumi na nne vilitokeza vijani vyembamba kama nyasi. Kila asubuhi alikunja nailoni, na kila jioni aliifunga.

Kiangazi kilipita. Msimu wa vuli Bibi alifanyiwa upasuaji wa macho, jicho moja baada ya jingine. Siku aliyotolewa bandeji ya pili aliomba apelekwe bandani kabla ya kuingia nyumbani. Alichukua kibao cha trei ya kwanza, akakisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti mwandiko wa Mizuho: "Zilizopandwa, mia mbili. Iliyoota, mia moja sitini na mitatu. Iliyokufa, kumi na mmoja. Minne ilizaliwa bila kijani. Saba niliimwagia maji mengi mno kwa sababu ya hofu."

Bibi alikirudisha kibao mahali pake. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Mizuho na kuuacha hapo.

Mzee Genkichi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na tabia sasa ya kupita jioni, kukagua, kama alivyosema, mali yake. Aliinama kwa taabu juu ya trei, akachukua jani moja dogo kati ya vidole viwili, akaligeuza kutafuta uti wa mgongo. Kijijini sasa kila mtu aligeuza majani, hata ya Kinue. Mizuho alitazama akifanya hivyo. Ilimuuma, lakini hakuinamisha macho.

"Upo," alisema mzee. "Hii nitakula lini?"

"Miaka minne tangu kupandwa, Mzee. Nitakuwa na miaka kumi na mitano."

"Na mimi themanini na mitano." Alilitazama lile jani dogo, kisha akamtazama msichana. "Haya. Nitasubiri. Lakini mara hii usinicheleweshe."